Maji Safi, Maji Salama: Uhandisi wa Mazingira katika Ngazi ya Uzamili na Lugha ya Chemchemi za Kakamega

Utangulizi

Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kiasi cha kutosha. Mzungumzaji wa Kiswahili ayasikiapo maneno hayo mawili, safi na salama, huyapokea kama pacha. Huyaweka katika kapu moja na semi kama vile bure bilashi na raha mustarehe, ambamo neno la pili huja kulitilia nguvu la kwanza bila ya kuongeza maana mpya. Kwa mwanafunzi wa uhandisi wa mazingira mambo sivyo yalivyo. Kwake, maji yanaweza kuwa safi yasiwe salama, na yanaweza kuwa salama yasipendeze macho. Si kutia chumvi kusema kwamba sehemu kubwa ya masomo yake ya uzamili ni kujifunza namna ya kuyatenganisha maneno hayo mawili kwa vipimo.

Makala haya yanaeleza ni mambo gani anayosoma mwanafunzi huyo, kwa kutumia mifano ya Kakamega, magharibi mwa Kenya. Sababu ya kuandika juu ya taaluma hiyo katika jarida la Kiswahili ni nyepesi kueleweka. Mwanafunzi wa uhandisi husoma kwa Kiingereza, hupima kwa Kiingereza na huandika tasnifu yake kwa Kiingereza. Lakini maji anayoyapima hunywewa na watu wanaoyazungumzia kwa Kiswahili na kwa Kiluhya katika lahaja zake kama vile Kiisukha na Kiidakho. Baina ya maabara na chemchemi pana mto wa lugha, na daraja lake halijajengwa.

Mahali penyewe

Kakamega ni nchi ya mvua. Kwa wastani hunyesha takriban milimita 2,000 kwa mwaka, msitu wake ni mabaki ya misitu mikubwa ya ikweta, na hata mawe yake husemekana kulia: Jiwe la Ilesi, karibu na barabara iendayo Khayega, ni mashuhuri kwa maji yanayolichirizikia kama machozi. Mtu wa Turkana au Kitui angeona ajabu kuambiwa kwamba hapa pana tatizo la maji. Lakini hapa ni pahali pa watu wengi pia. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,867,579 katika Kaunti ya Kakamega, wengi wao wakiishi katika vishamba vidogo ambamo nyumba, zizi, choo cha shimo na chemchemi hukaribiana. Maji ni tele. Mashaka yamo katika yale yaliyomo ndani yake.

Katika mji huu ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, kilichopewa jina la mwanasiasa aliyefariki mwaka 1992. Mwaka 2002 taasisi hiyo ilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, na baada ya sheria ya Bunge ya mwaka 2006 ikawa chuo kikuu kamili. Uhandisi na Kiswahili vyote viwili hufundishwa humo, wanafunzi wa pande zote mbili wakipita katika lango lile lile. Katika vyuo vingi vya Afrika Mashariki uhandisi wa mazingira umelelewa ndani ya idara za uhandisi wa ujenzi na wa maji. Vipo pia vyuo vilivyouanzishia programu yake pekee, kama Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, ambacho hutoa uzamili wa uhandisi na usimamizi wa mazingira.

Mwanafunzi wa shahada ya kwanza hufundishwa kujenga: ukuta usianguke, bomba lisipasuke, tangi lisivuje. Wa uzamili huulizwa swali gumu zaidi. Je, kilichojengwa kinafanya kazi iliyokusudiwa, na utajuaje? Ndiyo maana programu hizi huanza na kozi za kemia ya maji, mikrobiolojia, mwendo wa maji ya chini ya ardhi, usafishaji wa majitaka, takataka ngumu na takwimu, kisha humwachia mwanafunzi muda wa kukusanya data na kuandika tasnifu chini ya msimamizi.

Chemchemi na namba zake

Tuanze na chemchemi, kwa kuwa ndiyo kitabu cha kwanza cha mhandisi wa Kakamega. Mwaka 1981 serikali za Kenya na Ufini zilianzisha mradi wa maji katika Mkoa wa Magharibi wa wakati huo, uliojulikana kwa kifupi kama KEFINCO. Visima vya pampu za mkono vilichimbwa na chemchemi nyingi zikahifadhiwa. Kuhifadhi chemchemi ni kazi inayoonekana ndogo. Huchimbwa kurudi nyuma hadi kwenye jicho lenyewe ambamo maji hububujika. Jicho huzungushiwa mawe na kokoto, hufunikwa kwa karatasi ya plastiki na udongo wa mfinyanzi ili maji ya juu yasipenye. Mbele hujengwa ukuta, na katika ukuta hupachikwa bomba ambalo watu watatekea. Upande wa juu huchimbwa mfereji wa kuyageuza maji ya mvua, na eneo zima huzungushiwa ua ili ng'ombe wasikanyage. Kabla ya hapo watu walichota kwa kuzamisha kikombe katika dimbwi lililo wazi. Baada ya hapo maji hutoka kwenye bomba yakimeta.

Je, ni salama? Mhandisi hujibu kwa kuchukua sampuli katika chupa iliyotakaswa na kuiweka katika sanduku la barafu. Maabarani huchuja mililita 100 kupitia utando wenye vitundu vidogo mno, kisha huulaza utando huo juu ya chakula cha bakteria na kuuacha katika joto la nyuzi 44 hivi kwa muda wa saa 24. Kila bakteria wa aina ya E. coli aliyenaswa huzaana na kuwa kitone kinachoonekana, na vitone huhesabiwa. Bakteria huyo huishi katika matumbo ya watu na wanyama; kuonekana kwake ni ushahidi kwamba kinyesi kimeyafikia maji, hata kama yanang'aa kama kioo. Shirika la Afya Duniani linataka asionekane hata mmoja katika mililita 100 za maji ya kunywa.

Utafiti maarufu kabisa wa jambo hili ulifanyika jirani hapo, katika wilaya za wakati huo za Busia na Butere-Mumias (hii ya pili sasa ni sehemu ya Kaunti ya Kakamega). Michael Kremer, Jessica Leino, Edward Miguel na Alix Peterson Zwane walifuatilia chemchemi zipatazo 200, baadhi zikihifadhiwa mapema na nyingine baadaye, na wakachapisha matokeo yao mwaka 2011. Kuhifadhi chemchemi kulipunguza uchafuzi wa E. coli penye chemchemi kwa asilimia 66. Katika maji yaliyowekwa nyumbani, hata hivyo, upungufu ulikuwa asilimia 24 tu. Kuhara kwa watoto kulipungua kwa takriban robo.

Pengo hilo la 66 na 24 linastahili kutafakariwa kuliko namba zote mbili. Maji yaliondoka chemchemini yakiwa na hali moja yakafika mdomoni yakiwa na nyingine. Njiani kulikuwa na mtungi usiosuguliwa, jani lililotiwa juu ya maji yasimwagike, kikombe kilichozamishwa na mkono wa mtoto, na wengine waliteka kwingineko pia. Ukuta wa mhandisi huishia kwenye bomba. Kutoka hapo kinachotakiwa ni maneno: ya kumweleza mama mwenye nyumba kwamba maji aliyoyateka mazuri yanaweza kuharibika mlangoni pake bila ya kubadilika rangi wala harufu.

Kisha kuna choo cha shimo. Kanuni inayorudiwa mara nyingi ni kwamba choo kiwe umbali wa mita 30 au zaidi kutoka kwenye chanzo cha maji. Mwanafunzi wa uzamili hufundishwa kuitilia shaka kanuni hiyo. Kinachoamua ni muda ambao maji huchukua kusafiri ardhini, kwa vile vijidudu hufa kadiri siku zinavyopita, na muda huo hutegemea mteremko na aina ya udongo. Ujerumani hukadiria eneo la kukinga visima kwa mwendo wa siku 50. Katika mchanga wa chembe kubwa mita 30 zaweza kuwa safari ya siku chache. Katika udongo mzito wa mfinyanzi zikawa safari ya miaka. Kwenye shamba la robo ekari, lakini, hata hizo mita 30 hazipatikani, na hapo hesabu hugeuka kuwa mazungumzo baina ya majirani.

Mabwawa na chupa ya siku tano

Majitaka yana elimu yake. Njia inayofaa nchi za joto ni mabwawa yaliyopangwa kwa mfuatano. La kwanza huwa na kina kirefu, yapata mita 2 hadi 5, halina oksijeni, na humo tope hutua na kuozeshwa na bakteria. La pili huwa na kina cha mita 1 hadi 2. Juu yake huota mwani ambao, kwa nuru ya jua, huwapa bakteria oksijeni ya kulia uchafu uliosalia. Ya mwisho ni mabwawa ya kina kifupi ambamo jua na muda huua vijidudu. Hakuna mashine wala umeme. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na kundi la wahandisi lililotafiti mabwawa hayo pamoja na vinamasi vya kutengenezwa, kwa hivyo elimu hii si ngeni katika Afrika Mashariki.

Hapa mwanaisimu ana jambo la kuuliza. Kwa Mzanzibari, mwani ni zao linalolimwa pwani, likafungwa kambani na kuanikwa. Mkazi wa Kakamega aliyezaliwa mbali na bahari akiambiwa kuwa bwawa limejaa mwani, ataelewa nini? Akiita kuvu atakuwa amekosea, kwani kuvu haitengenezi chakula kwa jua. Akisema utando wa kijani atakuwa amesema anachokiona, lakini hataweza kueleza kwa nini utando huo ni rafiki wa bwawa. Neno lipo katika kamusi. Ni maana yake tu ambayo haijavuka kutoka pwani hadi bara.

Nguvu ya uchafu katika majitaka hupimwa kwa oksijeni. Maji hutiwa katika chupa, hufungwa, huwekwa gizani katika joto la nyuzi 20 kwa siku 5, kisha hupimwa ni kiasi gani cha oksijeni kilicholiwa na vijidudu. Muda wa siku 5 ulipendekezwa na Tume ya Kifalme ya Uingereza kuhusu majitaka katika ripoti yake ya mwaka 1912. Kipimo kilichotungwa kwa ajili ya mito mifupi na baridi ya kisiwa kile ndicho hutumika leo kupimia Mto Isiukhu, ambao maji yake huishia Nzoia na hatimaye Ziwa Viktoria. Kanuni za ubora wa maji za Kenya za mwaka 2006 ziliweka kikomo cha miligramu 30 kwa lita kwa majitaka yanayoachiliwa katika mazingira. Kwa Kiswahili kipimo hicho chaweza kuitwa mahitaji ya oksijeni. Istilahi hiyo ni nzuri, ila ina kasoro moja: humfanya msikilizaji adhani kwamba maji yenye mahitaji makubwa yanastahili kuhurumiwa, ilhali hayo ndiyo machafu zaidi. Pengine ulaji wa oksijeni ungeeleza vizuri zaidi kinachotendeka ndani ya chupa.

Zebaki

Mfano wa tatu hauna haja ya maelezo marefu. Mbio za dhahabu za miaka ya 1930 ziliifanya Kakamega ijulikane mbali, na jina la mgodi wa Rosterman halijasahaulika. Wachimbaji wadogo wangali wanasaga mawe na kukusanya chembe za dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma zebaki iwe mvuke. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ulikusudia kupunguza matumizi hayo. Zebaki haibadilishi sura ya maji, na tofauti na bakteria, haifi kwa kuchemshwa. Mtu aliyefunzwa kwamba maji yaliyochemshwa ni salama amefunzwa ukweli nusu. Kiswahili, tena, hakina upungufu wa neno: zebaki ni neno kongwe, linafahamika, na mchimbaji hulitumia. Kinachokosekana ni sentensi ya pili baada ya neno hilo.

Dodoso linapovuka mto

Sasa tumtazame mwanafunzi wetu siku anapoondoka maabarani kwenda nyanjani na dodoso lake. Aliliandika kwa Kiingereza, likapitishwa na msimamizi, na yeye mwenyewe atalifasiri papo hapo mbele ya kila mhojiwa. Swali mojawapo linataka kujua kama kaya inaamini kuwa maji yake hayaleti maradhi. Mtafiti anauliza: "Je, maji yenu ni safi?" Mama anatazama bomba, anaona maji yanang'aa, anajibu: "Ndiyo, ni safi sana." Amejibu kweli tupu. Lakini katika jedwali la tasnifu jibu lake litaandikwa kwamba anayaamini maji kuwa salama, na mtafiti atashangaa kwa nini asilimia kubwa ya waliojibu hivyo huyachemsha.

Kosa si la mama. Safi ni neno lililotoka katika Kiarabu likiwa na maana ya kitu kisicho na mchanganyiko, kinachoonekana kikavu cha doa. Ni sifa ya macho. Salama, nalo la Kiarabu, ni habari ya kitakachompata mtu. Ni sifa ya kesho. Katika matumizi ya kila siku safi imepanuka hata ikawa "vizuri" tu, ndiyo maana kijana wa mjini akiulizwa hali hujibu "safi". Neno lililobeba mizigo yote hiyo haliwezi kubeba pia hesabu ya vitone vya E. coli. Swali lenye kuaminika lingekuwa refu zaidi: je, mtu akinywa maji haya kama yalivyo, bila ya kuyafanyia lolote, yaweza kumletea ugonjwa? Na hata hilo lingepaswa kufasiriwa na mtu mmoja, kisha kurudishwa katika Kiingereza na mwingine asiyeliona la awali, ili ijulikane kilichopotea njiani.

Kuna neno jingine linalohitaji tahadhari, nalo ni dawa. Klorini inayotiwa katika maji huitwa na wengi dawa ya maji, na kitendo chenyewe huitwa kutibu maji. Tamathali hiyo ina hekima yake, kwa kuwa huyafanya maji yawe mgonjwa na klorini iwe tiba. Lakini dawa hupewa aliyeugua. Aliyeona maji yake yanameta hana sababu ya kuyatibu, kama vile mtu mzima wa afya hana sababu ya kumeza vidonge. Isitoshe, dawa kwa Kiswahili ni pia ile ya kuulia panya na wadudu, na mwenye hofu hiyo ataiacha chupa ya klorini rafuni. Kutakasa maji lingekuwa neno bora kwa kazi hii. Wapo watakaosema kwamba linanukia ibada, na hoja yao si ya kupuuzwa. Hata hivyo utakaso, tofauti na tiba, hufanyiwa hata kitu kisichoonekana kuwa na doa.

Kazi ya istilahi za sayansi si mpya. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na wataalamu wengi wamelifuata jambo hilo tangu wakati huo. Nchini Kenya, Kifungu cha 7 cha Katiba kimekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lakini orodha za istilahi hukaa maktabani, na tasnifu za uhandisi hukaa rafu ya pili yake, na hakuna anayezikutanisha. Jambo dogo lingewezekana bila ya kamati wala bajeti: kila tasnifu ya uhandisi wa mazingira itolewe pamoja na ukurasa mmoja wa Kiswahili kwa ajili ya waliochangia maji yao na majibu yao, ukiandikwa na mwanafunzi wa uhandisi akishirikiana na mwanafunzi wa Kiswahili. Ukurasa huo ungeitaja chemchemi kwa jina lake, ungesema ni vitone vingapi vilivyohesabiwa kiangazi na vingapi masika, na ungeeleza la kufanya.

Wa uhandisi atasema kwamba hesabu zake haziwezi kuingia katika ukurasa mmoja. Wa Kiswahili atakwama kwenye sentensi ya kwanza, akijiuliza aandike bakteria, vijidudu au vimelea. Wakati mzuri wa kumaliza ubishi wao ni mwezi wa Aprili, mvua za masika zinapokuwa zimekolea na mfereji wa juu ya chemchemi umeziba kwa majani, wakiwa wamesimama wote wawili matopeni, mmoja na chupa ya sampuli na mwingine na daftari, wakimsikiliza mwenye mtungi anayaitaje maji hayo kabla ya kujitwika.